Mzunguko Mmoja Uliobaki

Kambini kwetu hatukuwa na kengele wala kibao cha namba. Tulikuwa na uwanja wa vumbi, na chokaa ya kuchorea mistari ikipatikana, na kila mkimbiaji wa mbio ndefu alikuwa na mtu wake wa kumhesabia. Ndivyo kocha alivyotulea. Alisema anayekimbia ana kazi ya miguu na pumzi, kichwa amwachie mwenzake. Mtu wangu wa hesabu alikuwa kijana tuliyelala naye chumba kimoja, mkimbiaji kama mimi, ila si wa kasi sana. Kila mtu alimwita Kopo.

Jina lilitokana na kopo la siagi alilokuwa akitembea nalo. Ndani yake mlikuwa na kokoto ishirini na tano, maana mbio zangu zilikuwa za mizunguko ishirini na mitano. Kila nikimaliza mzunguko na kupita mbele yake, alitoa kokoto moja akaitia mfukoni, kisha akapaza sauti kuniambia iliyobaki. "Bado kumi na mmoja!" Nami niliinua kidole kimoja, bila kugeuza shingo, kumwonyesha kuwa nimesikia. Asipokiona kidole alitoka mbio kando yangu, nje ya mstari, akipiga kelele huku kokoto zikiruka mle koponi, mpaka nikiinue. Miaka minne tulifanya hivyo. Miaka minne sikuhesabu mzunguko hata mmoja mimi mwenyewe.

Watu waliniita Upepo. Nilishinda hapa, nikashinda pale, na kila nikishinda nilipiga magoti palepale mstarini, nikafumba macho, nikanyoosha kidole juu kumshukuru Mungu. Mara ya kwanza nilifanya hivyo kwa sababu miguu ilikuwa imeisha na moyo umejaa. Nasema kweli, ile ya kwanza ilikuwa sala. Picha ikatoka gazetini. Kanisani kwetu wakaibandika mlangoni, na mama yangu akawa anafika mapema Jumapili ili awakute watu wakiitazama. Baada ya hapo nilipiga magoti nikijua kamera iko upande gani.

Asubuhi ya mbio kubwa, ile ambayo wageni walitoka nchi nyingi, niliamka nikamkuta Kopo ameketi ukingoni mwa kitanda chake na beseni miguuni. Alikuwa anaosha kokoto.

"Unaziosha za nini?" nikamuuliza.

"Leo tunakwenda mbele za watu," akasema. Akaipangusa moja kwa fulana, akaiangalia kwenye mwanga.

"Hilo kopo liache hapa."

Alifikiri natania. "Niliache, halafu?"

"Kuna kamera kila mahali, kuna wakubwa jukwaani, halafu wewe usimame pale na kopo la siagi kama mtu anayeomba mitaani? Utaniaibisha, Kopo."

"Na hesabu?"

"Ishirini na tano itanishinda mimi?"

Akacheka kidogo. "Wewe Upepo, wewe hata siku za wiki unauliza."

"Mimi ndiye ninayekimbia," nikamwambia. "Wewe unasimama tu."

Hapo hakucheka. Aliendelea kuosha kokoto moja moja mpaka zikaisha, akazirudisha koponi, akalifunika. Nilipotoka hakuinua uso.

Niwaeleze kosa lenyewe, kwa sababu watu wamelisimulia kwa namna nyingi na mimi ndiye niliyelichafua zaidi ya wote. Kopo alikuwa anahesabu mzunguko ukishaisha. Mimi, bastola ilipolia na mguu wangu ulipoondoka mstarini, nilisema moyoni, "Moja." Nilipopita tena nikasema, "Mbili." Kwa hiyo namba yangu ilikuwa ya mzunguko ninaouanza, wala si ule nilioumaliza, na sikuliona hilo. Pale mstarini palikuwa na mzee mwenye kibao cha namba kwa ajili yetu sote. Sikukitazama hata mara moja. Kila nikipita pale nilikuwa natazama jukwaa la wakubwa.

Nilikimbia vizuri siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Wenzangu nilikuwa nimewaacha nyuma mita themanini. Nilifika mstarini nikasema moyoni, "Ishirini na tano," nikainua mikono, nikapunguza mwendo, nikapiga magoti, nikafumba macho, nikanyoosha kidole.

Kengele ikalia juu ya kichwa changu.

Mbio hizo kengele hupigwa anayeongoza anapoanza mzunguko wa mwisho. Mimi nilidhani wananipigia mimi, kwa heshima. Nikaendelea kupiga magoti. Na hapo, katikati ya kelele za uwanja mzima, nikasikia sauti moja ninayoijua.

"Bado mmoja! Upepo! Bado mmoja! Amka!"

Alikuwa amekuja. Alisimama kwenye waya wa kona, hatua kumi hivi kutoka nilipokuwa, na nilisikia hata kokoto ikigonga bati, moja peke yake. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikasema moyoni: wivu. Nimemwacha chumbani, sasa anataka kunivurugia mbele za watu. Sikufumbua macho. Kidole changu kilikuwa kimeelekea mbinguni, na kwa ajili yake sikukigeuza.

Nikasikia viatu vya mtu wa pili vikinipita. Kisha wa tatu. Nilipofumbua macho walikuwa wamepita sita, na uwanja ulikuwa unacheka. Maelfu ya watu wakicheka pamoja ni sauti ambayo haiishi sikioni. Sikuinuka nikakimbia, ingawa ningeweza hata kuwapata wawili watatu. Niliondoka uwanjani kwa kutembea, kama mtu anayetoka sokoni.

Waandishi wa habari walinikamata kwenye ujia wa kwenda vyumba vya kubadilishia nguo. Kila mmoja aliuliza swali lilelile, imekuwaje. Nikafungua mdomo nikasema, "Mtu wangu wa hesabu alinipa hesabu mbaya."

Maneno saba. Yalitoka kabla sijayafikiria, lakini nilikuwa na jioni nzima ya kuyarudisha, na wiki, na mwaka. Kopo aliondolewa kambini ndani ya siku tatu. Hakuna aliyemuuliza kitu, na mwenyewe hakusema kitu. Nilikuwa ndani ya chumba akifunga begi lake. Alisimama mlangoni muda mrefu kidogo, akinisubiri. Nilijifanya nimelala. Nilisikia baadaye kwamba watoto mtaani kwao walimfanya mchezo: "Kopo, baada ya ishirini na nne ni ngapi?"

*

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Nimebeba mizigo, nimelinda mageti, nimepaka rangi shule ambazo sikuingia darasani, nimeosha vyombo katika hoteli yenye vioo vingi mno. Nilioa, na mke wangu alivumilia miaka mitano kisha akarudi kwao. Hakunikosea. Aliniambia, "Kuishi na wewe ni kama kuishi na mtu aliyeko stendi." Kila mji ulipofika mahali watu wakanijua, nilifunga begi.

Halafu kanisa likanikuta, au mimi nililikuta. Katika mji mmoja niliingia mvua ikinyesha, nia yangu ni kujikinga tu. Wakaomba wageni wasimame. Mzee mmoja akanitazama, akasema, "Huyu si Upepo?" Nikasema ndiye. Mchungaji akaniita mbele niseme neno. Nikasimama pale na maji yakinichuruzika, nikawaambia jinsi kiburi kilivyoniangusha. Walilia. Mama mmoja akanipeleka kwake nikale na familia yake, na watoto wake wakaninyang'anya kofia wakaivaa kwa zamu. Nilikuwa sijakaa mezani na watu kwa miaka mingi.

Kuanzia siku hiyo nikawa na ushuhuda. Makanisa yakaniita, na nisipoitwa nilijipeleka. Nilijifunza mahali pa kunyamaza. Nilijifunza kushusha sauti nikifika kwenye magoti na kengele. Na mwishoni kabisa nilisema, "Na yule mwenzangu aliyenipa hesabu mbaya, ndugu zangu, nimemsamehe." Hapo kanisa zima linaitika amina, wengine wanasimama. Nilikuwa nimegeuza hata anguko langu kuwa jukwaa, nikapanda juu yake, nikapiga magoti tena nikijua kamera iko wapi. Lakini sikuliona hivyo wakati ule. Nilijiona mnyenyekevu. Nilijiona mnyenyekevu kuliko wengi.

Katika mji huu nilipo sasa nilipata kazi ya kupiga pasi mashuka katika dobi la hospitali. Mashuka mia mbili kwa siku, meupe yote, na mvuke unaopanda mpaka huwezi kumwona mwenzako wa meza ya pili. Nilipanga chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Mtu akipita kwenye ujia wa katikati unasikia mabega yake yakikwaruza pande zote mbili. Jumatatu mpaka Jumamosi naweza nisiseme neno lolote zaidi ya "Habari" na "Salama." Ndiyo maana Jumapili ilikuwa Jumapili. Ushuhuda wangu ndio ulionipa sahani katika meza ya watu.

Jumapili niliyosimama kanisani hapa, mambo yalikwenda kama kawaida. Walilia, wakaitika. Baada ya ibada nilikuwa nje napokea mikono, na mama mmoja mwenye kofia ya bluu ameshaniambia chakula kiko tayari kwake, ndipo mwanamke wa miaka thelathini hivi akanijia na mtoto mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbarikiwe."

"Yule mtu wa hesabu," akasema, "umemsamehe kweli?"

"Kwa neema ya Mungu, nimemsamehe kabisa."

"Basi utafurahi kumwona. Ni baba yangu."

Mkono wangu ulikuwa umeshika wake, nikashindwa kujua niuachie vipi.

"Yuko hapahapa mjini," akaendelea, sauti yake ya adabu, haijapanda wala kushuka. "Ana cherehani kwenye ile baraza ya mafundi, mbele ya stendi ya mabasi. Mimi nafundisha chekechea, huku nimekuja juzijuzi kumtunza. Nyumbani hakuwahi kutuambia chochote kuhusu siku ile. Tukimuuliza, anaingiza uzi kwenye sindano. Nimekua nikisikia watu wakisema baba yangu hajui kuhesabu. Sasa wewe ulikuwepo. Alikosea hesabu?"

Nilifungua mdomo. Mama wa kofia ya bluu alikuwa ananisubiri, anatabasamu.

"Usinijibu mimi," yule binti akasema. "Kamwambie yeye kwamba umemsamehe. Ila ukienda, paza sauti. Masikio yake yamechoka. Kidogo kidogo hasikii."

Akamweka sawa mtoto mgongoni akaenda. Nilikula kwa yule mama siku hiyo, na sikumbuki nilikula nini.

*

Wiki ile nilipiga pasi vibaya. Niliunguza mashuka mawili, msimamizi akaniuliza, "Mzee, uko salama?" nikasema salama. Chumbani nilijaribu kusali, nikashindwa kupita "Baba." Nilikuwa najua jambo la kufanya, nilikuwa nalijua tangu siku ya ujia ule wa uwanjani. Na nilijua bei yake. Nikisema kweli, hakuna kanisa litakaloniita tena, hakuna kofia ya bluu itakayonisubiri mlangoni, nitabaki na mashuka na ukuta wa jirani mpaka nife.

Jumamosi nikafanya nilichozoea. Nikafunga begi. Niliamua niende mji mwingine, wowote, ambao basi lake litatangulia kujaa.

Lakini stendi yao ina mlango mmoja, na kuufikia lazima upite mbele ya ile baraza. Nilijiambia nitapita haraka nikitazama upande wa pili. Kulikuwa na cherehani nne zimepangwa, na ya mwisho alikuwa ameikalia mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi kwa nyuma, anapachika vifungo kwenye shati la shule. Kila akimaliza kifungo kimoja, midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Miguu hii imenifanyia mabaya mengi, siku hiyo ilinifanyia wema.

"Kopo," nikasema.

Hakusikia. Fundi wa jirani yake, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni, akamgonga bega. "Mzee, una mteja."

Akainua uso. Akanitazama mimi, akalitazama begi, akanitazama tena. "Upepo," akasema, kana kwamba anasoma jina kwenye bahasha. "Umezeeka."

"Na wewe."

"Sema kwa nguvu."

"Na wewe!"

"Mimi nimezeeka nimekaa," akasema. "Kaa. Usikalie hiyo, ni sketi ya mtu."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuzungumza habari za hali ya hewa. "Kopo, nimekuja kukuambia kitu. Nilidanganya."

"Eh?"

"Nilidanganya!"

"Basi la kwanza hilo linapiga honi," akasema. "Ngoja lipite. Sema tena."

Wateja wawili kwenye benchi waligeuka. Kijana wa tiketi akasimama. Yule mama akatoa pini mdomoni. "Anasemaje huyo? Amepotelewa na suruali?"

Nimesema mbele ya makanisa yaliyojaa, nikiwa na kipaza sauti, na sauti yangu ikawa kama asali. Pale barazani sauti ilinitoka kama ya mbuzi. Nilipiga kelele: "Siku ile hukukosea! Hesabu ilikuwa yangu mimi! Nilikukataza kuja, ukaja, ukaniambia bado mmoja, na mimi nikawaambia watu wewe ndiye uliyekosea! Nilidanganya, na nimedanganya mpaka leo!"

Cherehani zote nne zilikuwa zimenyamaza.

Kopo akageuza sikio lake la kushoto. "Hapo katikati," akasema, "rudia."

Nikarudia. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa napiga kelele kama mnadi wa mitumba, na watu wameanza kukusanyika wakidhani ni ugomvi.

"Ya mara ya kwanza nilisikia," akasema Kopo.

Yule mama akacheka, akajiziba mdomo na kitambaa. Kopo hakucheka. Alivua miwani, akaanza kuipangusa kwa lile shati la shule.

"Umesema nilikuambia bado mmoja. Ina maana ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Vizuri?"

"Vizuri. Nilisikia na kokoto."

Basi moja likatoka, jingine likaingia.

"Miaka thelathini na minne," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, ikanibidi mimi ndiye niiname, "nilidhani sikupaza sauti ya kutosha. Nilijua hesabu yangu ni sawa. Hilo la watu kusema sijui kuhesabu, lilipita. Lakini nilikuwa nalala nikijiuliza, kwa nini sikuruka ule waya? Ulikuwa waya wa kifuani tu. Nilidhani mwenzangu ameangamia kwa sababu koo langu lilikauka. Na wewe ulinisikia."

Ule uongo wangu nilikuwa nimeupima kwa mambo aliyopoteza, kambi, jina, mbio zake. Huu mzigo mwingine sikujua kama nilimtwisha.

"Nisamehe, Kopo."

"Binti yangu ananiambia wewe ndiye uliyenisamehe mimi."

"Nimesema hivyo, ndiyo."

"Wapi?"

"Makanisani."

"Mangapi?"

"Ishirini... nafikiri ishirini na kitu."

"Anafikiri," Kopo akamwambia yule mama. "Umesikia? Anafikiri. Hajawahi kujua kuhesabu huyu."

Akavuta sanduku lake la vifungo, akachukua kikombe cha chai kilichovunjika mkono. "Taja."

Nikaanza kutaja. Lile la mvua, akatia kifungo kimoja kikombeni. Lile la kando ya reli. Lile la wale wenye ngoma kubwa. Nilitaja mengine mara mbili, akanisahihisha: "Hilo la daraja umeshalisema." Yule mama alikuwa amesimama nyuma yetu anafuatilia kama mwamuzi. Jicho langu lilikuwa linatafutatafuta chini ya meza, Kopo akaniona. "Unatafuta kopo? Liliota kutu. Marehemu mke wangu alipandia vitunguu."

Vifungo vilifika kumi na tisa.

"Mimi kuniambia hakuna kazi," Kopo akasema. "Mimi nilikuwa najua. Nenda kaseme kule ulikosemea. Anza na la hapa, kwa sababu mwanangu anasali pale."

"Na msamaha?"

Alivaa miwani yake, akazungusha ule uzi nyuma ya kichwa, akachukua muda. "Mungu anajua nilishasema 'tusamehe kama tunavyosamehe' mara nyingi kuliko nilivyopachika vifungo. Nitasemaje sijakusamehe? Nimekusamehe. Lakini kukaa na wewe tunywe chai, leo siwezi. Usinilazimishe."

"Sikulazimishi."

"Begi lako linazuia wateja."

*

Kesho yake niliomba nafasi ya kusema, na mchungaji akanipa kwa furaha, akidhani ni yaleyale na watu wanayapenda. Sikushusha sauti popote. Nilisema kwa dakika nne. Nilisema kengele ililia nikiwa nimepiga magoti, na mwenzangu aliniita, na nilimsikia, na nikamsingizia, na mbele yao wiki iliyopita nilijitangaza kuwa nimemsamehe mtu niliyemwibia jina. Nikasema naomba radhi. Nikanyamaza.

Hakuna aliyeitika amina. Feni ilikuwa inazunguka. Mtu mmoja alikohoa, na mtoto akauliza kwa sauti, "Mama, amemaliza?" Mchungaji alinishika kiwiko taratibu, akachukua kipaza sauti, akasema, "Tusimame tuimbe."

Nje nilisimama karibu na ngazi, mahali nilipopokea mikono wiki iliyopita. Mama wa kofia ya bluu alipita akiwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake, akakitafuta mpaka getini. Binti wa Kopo alikuwa wa mwisho kutoka. Mtoto alikuwa amelala. Alisimama mbele yangu, akaitikia kwa kichwa tu, mara moja, kama mwalimu anayepokea daftari kutoka kwa mwanafunzi mzito, akaenda zake.

Nilinunua mkate nikala chumbani, nimeelekea dirisha na ule ukuta. Kisha nikapiga magoti kando ya kitanda. Tangu siku ya uwanjani nilikuwa nasali nikiwa nimesimama au nimekaa, sikuweza kupiga magoti mahali ambapo hapana watu. Goti la kulia lina maji, linalia kama mlango. Hakuna aliyeniona. Mwokozi aliinama na beseni na taulo akaosha miguu ya watu chumbani, na sijasikia popote kwamba kuna aliyempigia makofi. Nilisema "Baba," na safari hii nikapita, nikafika mpaka mwisho.

Upweke haukuondoka. Nilidhani labda utaondoka. Ulikaa palepale kitandani, ila ulikuwa mwepesi kidogo, kama begi ulilotoa kitu kimoja.

Jumatatu niliomba ruhusa dobini, siku sita. Nikabeba begi nikaenda stendi. Kopo alikuwa ameinama kwenye cherehani, anashona pindo la gauni, na yule mama akamgonga bega.

"Nimesema!" nikapaza sauti. "Hapa nimeshasema!"

"Najua. Mwanangu aliniambia." Alichukua kile kikombe, akatoa kifungo kimoja, akakitia kwenye mfuko wa shati lake. Hakusema karibu, hakusema kaa. Chai yake ilikuwa pale, glasi moja. Alirudi kwenye pindo lake, nami nikageuka kuelekea kwenye basi la mji ule wenye daraja.

Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa stendi nilipoisikia nyuma yangu, sauti ya mtu asiyesikia, ambaye hajui tena kelele yake ni kubwa kiasi gani. Kijana wa tiketi aligeuka. Watu wa foleni waligeuka.

"Bado kumi na nane!"

Sikugeuza shingo. Niliinua kidole kimoja.